Siku 24 za goti la Baresi: fainali sawa acheze, ila ile penati hapana

Kuna jamaa yangu huwa tunabishana mpira kwa meseji mpaka usiku wa manane, juzi akanitupia swali nikadhani ni la bure: nani alikosa penati fainali ya Kombe la Dunia 1994? Nikajibu fasta, Baggio. Akacheka. Akasema huyo ni wa mwisho, nitajie wa kwanza. Hapo ndo nikashtuka kwamba wengi wetu ile fainali tumeibeba kichwani kama picha moja tu, Roberto Baggio kichwa chini, mikono kiunoni, na Wabrazil wanakimbia kama wamechanganyikiwa, wakati mkwaju wa kwanza kabisa wa siku ile nao ulipaa juu ya mtambaa panya, na aliyeupiga alikuwa beki wa miaka 34, kapteni wa Italia, ambaye siku 24 nyuma alitolewa uwanjani gegedu la goti limechanika na watu wakaanza kumwandikia kwaheri.

Franco Baresi.

Msimamo wa jamaa yangu ni mkali: Sacchi, kocha wa Italia, alimtoa kafara mzee wa watu, huwezi kumpanga mgonjwa fainali ya dunia kisa jina. Mi nikamwambia nipe siku kadhaa. Nikairudia mechi nzima, dakika 120 na matuta yote, macho kwa jezi namba 6 tu (na kabla hujauliza, hii sio namba sita ya kiungo mkabaji kama tunavyosema mtaani, huyu ni beki wa kati, jezi ndo ilikuwa hiyo). Nikatoka na jibu ambalo halikumfurahisha yeye wala halikunipa ushindi mimi. Kumpanga kulikuwa sahihi, tena sahihi kabisa, lakini yule aliyetembea kwenda kupiga penati hakuwa tena yule waliyempanga, na hapo ndo benchi lilikosea.

Nianze na mtu mwenyewe, kwa kifupi. Baresi kazaliwa Mei 1960 Travagliato, karibu na Brescia. Wazazi wote wawili walifariki angali kijana. Inter walimwona kadogo wakamkataa, kaka yake Giuseppe wakamchukua, yeye akaenda upande wa pili wa mji ule ule, AC Milan, wakampa jina la utani Piscinin, yaani kadogo kwa Kimilano. Kakua mpaka mita 1.76 hivi, kwa beki wa kati huo ni urefu wa kutiliwa shaka. Alianza kikosi cha kwanza Aprili 1978 na hakuhama mpaka anastaafu 1997, mechi 719, na humo katikati timu imeshuka daraja mara mbili, 1980 kwa kashfa ya kupanga matokeo na 1982 kwa kufungwa tu kawaida, yeye akabaki, akashuka nayo. Msimu huo wa 1981-82 ugonjwa wa damu ulimweka nje miezi kadhaa, kwa hiyo lile goti la 1994 halikuwa mara yake ya kwanza kuambiwa akae chini asubiri mwili. Ukapteni alipewa na miaka 22. Halafu 1987 Milan akaja kocha Arrigo Sacchi, na ndo tunaingia kwenye kisa.

Maana bila kuelewa Sacchi alikuwa anamtumiaje huwezi kuelewa kwa nini alimhitaji hata akiwa mguu mmoja. Mabeki wa Italia wa zamani walikuwa wanakaba mtu, kila beki na straika wake anamfuata mpaka chooni, na nyuma yao anabaki mmoja huru wa kufagia. Sacchi akafuta hiyo. Mabeki wanne mstari mmoja, wanapanda pamoja wanashuka pamoja, anayeamua lini ni mmoja, na ni Baresi. Ukiangalia mechi za Milan za miaka ile utaona mkono wake juu kila saa, anamwonyesha mshika kibendera ameotea huyo. Tassotti kulia, Costacurta na Baresi katikati, Maldini kushoto. Wakachukua Kombe la Ulaya 1989 na 1990. Mwaka 1989 Baresi akawa wa pili kwenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora Ulaya, nyuma ya Van Basten. Hata Sacchi alipoondoka kwenda timu ya taifa, akaja Capello, ukuta ni ule ule: msimu wa 1993-94 Milan wamechukua ubingwa wa Italia kwa kufunga magoli 36 tu katika mechi 34, ila wamefungwa 15. Kumi na tano, ligi nzima. Sacchi akauhamishia ule ukuta Marekani ulivyo.

Sasa tarehe 23 Juni 1994, Giants Stadium, Italia na Norway. Italia wameshafungwa mechi ya kwanza na Ireland 1-0, wakifungwa tena ni begi na ndege. Dakika ya 21 kipa Pagliuca anadaka mpira nje ya boksi, kadi nyekundu, Sacchi anamtoa Roberto Baggio ili aingie kipa wa akiba Marchegiani, dunia nzima inashangaa. Kipindi cha pili hakijakolea Baresi anaumia goti, anatoka, anaingia Apolloni. Maldini naye anachechemea lakini haiwezekani kutoka, sabu zimeisha. Wako kumi, nahodha hayupo, na wanashinda 1-0 kwa kichwa cha Dino Baggio (sio Roberto, jina tu limefanana). Kwa kweli ile mechi peke yake inatosha kuandikiwa makala yake, ila leo tunafuata goti.

Gegedu gani? Goti lina vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, kimoja upande wa ndani kimoja upande wa nje, vimekaa kati ya mfupa wa paja na ule wa muundi. Kazi yake ni kama shokapu, vinasambaza uzito na kulituliza goti unapogeuka. Mchezaji akikanyaga mguu ukaganda chini huku mwili unazunguka, vinaweza kuchanika. Na hapa ndo watu wanachanganya mambo, wanasikia alipasuliwa goti akacheza baada ya wiki tatu na kitu wanadhani ni muujiza au ni unyama. Upasuaji wa hilo gegedu upo wa aina mbili. Kuna kushona, na ukishona inabidi usubiri lipone, na gegedu linapona taratibu sana kwa sababu sehemu yake kubwa damu haifiki, ni ukingo wa nje tu ndo unapata damu, kwa hiyo unaongelea miezi. Halafu kuna kukata kile kipande kilichochanika na kukitoa, vitundu vidogo, kamera ndani, hakuna cha kusubiri kiungane kwa sababu kimeshatupwa. Hiyo ya pili mtu anaweza kukimbia baada ya wiki nne hadi sita, mwili mzuri na hamu kubwa labda tatu na nusu. Siku 24 ni ile ya pili tu, hakuna njia nyingine.

Gharama yake huioni siku hiyo. Ukipunguza shokapu mifupa inabeba zaidi, na miaka ikienda hatari ya goti kusagika inapanda, hii madaktari wa michezo wanaijua vizuri na ndo maana siku hizi kijana wa miaka 20 wanapendelea kumshona hata kama msimu umekufa. Lakini mtu ana miaka 34, fainali ya dunia moja mbele yake na haitarudi. Sioni kama kuna mtu alimlazimisha kulala kwenye kile kitanda.

Ila kuna kitu kingine ambacho hicho kisu hakigusi, nacho ndo kitarudi mwisho wa stori hii. Goti likifunguliwa, hata kwa vitundu, linavimba, na likivimba msuli mkubwa wa mbele ya paja unazima, yaani mwili wenyewe unaupunguzia umeme. Ndani ya wiki mbili unauona mguu umekuwa mwembamba kuliko mwenzake. Kipande kimetoka, maumivu yameisha, unatembea freshi, lakini mafuta ya kwenye tanki siyo yale. Mguu uliopona na mguu ulio fiti kwa dakika 120 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Wakati yeye anafanya mazoezi ya kurudi, Italia wanaendelea kuponea tundu la sindano. Sare 1-1 na Mexico, kundi zima pointi nne nne, wanapita kama moja ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu. Nigeria wanawaongoza mpaka dakika ya 88 Roberto Baggio anasawazisha, halafu anafunga penati muda wa nyongeza. Hispania 2-1, Baggio tena dakika za mwisho. Kwenye mechi hiyo Tassotti anampiga kiwiko Luis Enrique, pua damu, refa hakuona ila FIFA waliona, mechi nane nje. Beki mwingine wa ule ukuta kaondoka. Nusu fainali tarehe 13 Julai dhidi ya Bulgaria, 2-1, Baggio mbili, na Costacurta anapata njano ambayo inamfungia nje fainali.

Simameni hapo kidogo. Hiyo njano ndo kisa chenyewe. Mpaka dakika ile, pale katikati Maldini na Costacurta walikuwa wanatosha, sio raha lakini wanatosha, na Baresi angeweza kubaki mtu wa kupiga makofi benchi. Baada ya ile njano, wa ule ukuta wa Milan amebaki Maldini peke yake. Fainali ni tarehe 17. Siku nne, na humo ndani timu inatoka pwani ya mashariki inavuka Marekani nzima kwenda California, wakati Brazil nusu fainali yao wamecheza pale pale Rose Bowl, Pasadena, wanasubiri wakiwa wamelala.

Na wanaokuja ni nani? Romario na Bebeto. Magoli nane wawili hao mpaka muda huo, Romario matano Bebeto matatu, katika 11 ya Brazil yote. Halafu kuna kitu ambacho naona watu hawakiunganishi: miezi miwili nyuma, tarehe 18 Mei pale Athens, Milan wamecheza fainali ya Ulaya na Barcelona ya huyo huyo Romario aliyetoka kufunga 30 kwenye ligi ya Hispania, na Baresi hakucheza, yeye na Costacurta wote walikuwa na adhabu. Milan wakashinda 4-0 bila wao. Yaani mzee kakosa kukutana na Romario kwa kadi, akakosa karibu Kombe la Dunia zima kwa goti, na sasa mlango unafunguka kwa sababu ya kadi ya mwenzake. Mpira bana.

Sacchi alikuwa na nini kingine mkononi? Apolloni wa Parma, beki mzuri, ndo aliyeingia siku ya Norway. Minotti, naye wa Parma. Ungeweza kuwapanga Maldini na Apolloni kati, Mussi kulia, Benarrivo kushoto, na isingekuwa aibu. Jamaa yangu anasema hicho ndo kikosi cha mtu mwenye akili. Mi nasema hesabu yake inaishia dakika ya 35, maana dakika hiyo Mussi aliumia akatoka. Kwenye mechi ya kweli akaingia Apolloni katikati, Maldini akasogea kushoto, Benarrivo akahamia kulia, mambo yakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu aliyekuwa anaupanga ule mstari bado yupo. Mtoe Baresi kwenye hiyo picha: Apolloni ameshatumika tangu mwanzo, unamwingiza Minotti kwenye fainali moja kwa moja akiwa baridi, mbele ya Romario, na kapteni wako Maldini ama abaki kati ama akazibe pembeni. Inawezekana wangeshikilia. Ila nani angekuwa ananyanyua mkono?

Tuingie uwanjani. Mechi imeanza saa sita na nusu mchana, jua la Julai California, watu zaidi ya elfu tisini na nne, yote hiyo ili Ulaya waangalie jioni. Nilichotegemea kuona ni mzee anayejificha, anacheza kwa woga, anabaki nyuma kabisa ili asikimbizwe. Sikuona hicho. Alichofanya ni kinyume, anapanda. Mpira ukiwa kwa Dunga au Mauro Silva, viungo wa Brazil, anapiga hatua mbili tatu mbele, anawavuta wenzake, sehemu ya kuchezea inakuwa nyembamba, Romario anajikuta ama kaotea ama kashikwa mgongoni anaupokea mpira akiangalia goli lake mwenyewe. Ukiwa na goti bovu hiyo ndo njia pekee yenye akili, na ukiifikiria inatisha, kwa sababu ukibaki nyuma unampa straika nafasi ya kugeuka na kukukimbilia, na mbio ndefu ndo kitu ambacho goti lako halina. Ukipanda, mechi inachezwa kwa hatua tano tano. Hatua tano alikuwa nazo.

Kuna namna moja ya kukaba ambayo niliirudisha nyuma mara kadhaa. Mpira unapigwa kwa Bebeto miguuni. Beki wa kawaida anakwenda na mpira, anafika wakati mmoja nao, na Bebeto anamgeuza. Baresi anaanza kwenda kabla, mguu wa mpigaji bado uko hewani, hafiki kwa nguvu, anafika ubavuni, bega limeshaingia, kidole cha mbele cha kiatu kinaugusa mpira unatoka pembeni na yeye yuko wima. Hajateleza, hajachafua bukta. Halafu anaupiga pasi, hausukumi tu mbele. Kuteleza nako alikuwa anateleza pale inapobidi, na kwa usahihi, ikumbukwe ndo Kombe la Dunia ambalo marefa waliambiwa wawashe nyekundu kwa anayevamia kutoka nyuma, kwa hiyo ukichelewa nusu sekunde hujaharibu mpira tu, umeharibu mechi nzima. Beki kisiki tunamsifia kwa kugongana. Huyu sifa yake ni kwamba hagongani.

Ndo maana nasema kumpanga ilikuwa sahihi. Mpira wake haukuwa unakaa kwenye goti. Mwambie winga arudi siku 24 baada ya kuchanika gegedu uone, atakuwa abiria dakika ya kumi, kazi yake ni kulipuka na kukata kona. Beki anayetegemea kasi ya kufukuzia naye hivyo hivyo. Baresi alikuwa anaishi kwa kuanza mapema, na kuanza mapema hakukatwi na kisu. Brazil ile, dakika 120, sifuri. Pagliuca alimsaidia, na mwamba pia, lile shuti la Mauro Silva lililomponyoka kipa likagonga nguzo mpaka Pagliuca akaenda kuibusu nguzo. Na Romario alikosa moja kwenye nyongeza karibu na goli kabisa baada ya krosi ya Cafu, hiyo ndo Italia walikuwa wamekufa. Lakini kwa kilichopita mbele ya namba 6, hakuna wa kumnyooshea kidole.

Sasa upande ambao jamaa yangu ana haki.

Mwaka ule sabu zilikuwa mbili za wachezaji wa ndani, na ya tatu ni ya kipa tu. Sio tano kama leo. Mussi kaumia, moja imekwenda dakika ya 35. Dakika ya 95, nyongeza imeanza, Sacchi anamwingiza Evani badala ya Dino Baggio. Pili imekwenda. Kuanzia hapo Baresi hawezi kutoka, hata goti likianguka chini aliokote aendelee. Roberto Baggio mwenyewe yuko na msuli wa nyuma ya paja unamsumbua tangu nusu fainali, hawezi kutoka. Na kweli mwisho mwisho misuli ya Baresi inamkaza, unaona anavyolala miguu inanyooshwa, sura imekunjamana, jua limempiga masaa mawili. Lile tanki nililosema mwanzo ndo limefika kwenye E. Kwa ukabaji bado anaweza, kwa sababu anaanza mapema. Kwa kupiga mpira uliosimama?

Na hapo ndo jina lake likawa la kwanza kwenye orodha.

Nilijiuliza kwa nini, jibu nadhani liko Naples. Nusu fainali ya 1990, Italia na Argentina, ikaenda kwenye matuta, na mpigaji wa kwanza wa Italia alikuwa Baresi. Akafunga. Waliokosa siku ile ni Donadoni na Serena. Milan nako penati alikuwa anapiga. Kwa hiyo ukiwa kocha umesimama pale Pasadena unaangalia waliobaki, una Maldini, Berti, Benarrivo, Apolloni, Donadoni aliyekosa Naples, na una kapteni ambaye alifunga mkwaju wa kwanza kwenye presha kubwa kuliko yote. Kwenye karatasi hakuna mjadala. Tatizo ni kwamba karatasi ilikuwa ya 1990. Wamemtuma Baresi wa Naples, akaenda Baresi wa Pasadena.

Penati ni kitu kidogo sana kimwili na ndo maana uchovu unaionea. Mguu unaosimama unatakiwa utue ubavuni mwa mpira, kiwiliwili kiuinamie kidogo, nguvu itoke nyonga. Msuli wa paja ukiwa umezima na mashavu ya miguu yamekaza, hatua ya mwisho inakuwa fupi, mguu wa kusimamia unatua nyuma ya mpira, kifua kinarudi nyuma kujisawazisha, na kiatu kinaupata mpira kwa chini. Hapo hata ukilenga kona ya chini utapaa. Ndo kilichotokea, juu kabisa, na yeye akaishia magotini palepale. Sio woga. Watu wanapenda kusema presha, presha, mtu amecheza fainali ngapi huyo. Zile mbili za Italia zilizopaa siku hiyo, yake na ya Roberto Baggio, zimepigwa na watu wawili ambao miguu yao ilikuwa na ripoti ya daktari. Mi siwezi kuiita hiyo bahati mbaya.

Utaniambia mbona Marcio Santos alikosa ya kwanza ya Brazil kwa hiyo ikawa sare tu. Kweli, Pagliuca aliidaka. Albertini na Evani wakafunga, Romario na Branco wakafunga, Massaro akadakwa na kipa wa Brazil, Taffarel, Dunga akafunga, Baggio akapaisha, 3-2, Brazil bingwa kwa mara ya nne. Ndo fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia kuamuliwa kwa matuta. Ile ya Baresi kihesabu ilifutwa dakika moja baadae. Lakini mkwaju wa kwanza hauhesabiwi kwa goli tu, ndo maana kila timu inamtafuta mtu wa kuaminika kuufungua, na Albertini alikuwepo, kijana, miguu mizima, mpigaji mzuri wa mipira iliyosimama. Mimi ningeanza na yeye na kapteni ningemwambia mzee, kazi yako umeimaliza, kaa.

Sema sasa, nani angemwambia hivyo? Hebu fikiria wewe ndo benchi. Jamaa kakatwa goti wiki tatu zilizopita, kamzima Romario mchana kutwa, amekuja ameshika kitambaa anasema nipe ya kwanza. Ndo maana napenda uamuzi kama huu uwe umeandikwa kabla ya mechi: fulani akifika dakika 120 hapigi, iwe mvua iwe jua, tena awe amekubali mwenyewe asubuhi kabla jua halijamchoma. Dakika ile ukimuuliza mchezaji hawezi kusema hapana, na kocha hawezi kumnyima.

Baada ya mechi alilia waziwazi, huyu mtu ambaye kwa miaka yote uso wake ulikuwa kama ukuta. Septemba mwaka huo huo akaachana na timu ya taifa, mechi 81. Goti je? Lilicheza Milan misimu mitatu zaidi. Mei 1995 yuko fainali ya Ulaya Vienna, wakafungwa na Ajax 1-0 kwa goli la Kluivert. 1996 ubingwa wa Italia tena, wa sita kwake. 1997 akaondoka na Milan wakaifungia kabati jezi namba 6. Kwa hiyo hoja ya kwamba Sacchi alimmaliza mguu nayo imekufa, mguu ulikuwepo, ulikuwa umechoka tu siku moja saa tisa alasiri.

Nimemtumia jamaa yangu yote haya pamoja na dakika za kuangalia, ile ya Bebeto na ile ya kukaza misuli. Kakaa kimya kama saa nzima, nikajua nimemshinda. Kisha akajibu kwa mstari mmoja: "Sawa, ila Costacurta angeacha ile rafu na Bulgaria, wala tusingekuwa tunabishana."

Na sina cha kumjibu.